Meza Mbili na Themosi ya Mama Vero

Likasi, Jumatatu, mwezi wa saba. Baridi tupu.

Shajara yangu, leo asubuhi nilifungua mlango na baridi ikaingia bila hodi. Huu ndio msimu ambao Likasi nzima inakohoa. Vumbi jekundu limekaa juu ya ndoo, juu ya viti vya plastiki, juu ya majani ya matembele. Kule Panda mabomba marefu ya moshi ya kiwanda cha zamani yalionekana nusu tu, nusu ya juu imemezwa na ukungu. Nilijifunga vitenge viwili nikasimama uani kama mtu aliyesahau alichotokea kufanya. Nina hasira tangu jana, na mtu ninayemkasirikia zaidi ndiye anayevaa viatu vyangu.

Wanaonifuata hapa mtandaoni wanajua kwamba kwa miezi mitatu sikuandika kingine ila mchezo wangu wa jukwaani. Leo mazoezi yamekwenda vizuri, leo yamekwenda vibaya, leo mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa hesabu, amesahau tena maneno yake. Mlinivumilia, aksanti. Jana alasiri, baada ya misa ya pili, tuliucheza katika ukumbi wa parokia hapa Kikula. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwishoni walisimama wote. Mbele kabisa walikaa wageni watatu kutoka Lubumbashi, waliokuja kuchagua vikundi vya tamasha, na mmoja wao niliona anajifuta macho.

Mchezo ulifaulu. Natamani ungekufa palepale jukwaani.

Sasa niseme kile ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mchezo ule unaitwa Meza Mbili, na kwenye karatasi ya mlangoni niliandika kwamba nimeutunga mimi. Sikuutunga. Niliuchukua kwa kaka yangu bila kumwomba.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Kazadi. Mimi namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku. Leo ni mtu wa baiskeli: anakwenda ziwa Tshangalele kuchukua samaki kwa wavuvi na kuwaleta sokoni Kikula. Zamani alikuwa askari, tena askari wa karatasi, karani katika kambi moja ya mbali sana kaskazini. Ofisini walikuwa wawili, yeye na karani mwenzake aliyemzidi umri, Papa Crispin, mtu wa Likasi na wa ukoo wa Kasai kama sisi. Meza zao zilitazamana. Mashine ya kuandikia ilikuwa moja, na katikati ilikaa themosi nyekundu ya chai. Themosi ilikuwa ya Papa Crispin, lakini walikunywa wote wawili.

Siku moja kijiji jirani kilichomwa moto. Mkubwa wa kambi aliamuru iandikwe kwamba waliochoma ni maadui. Yaya ndiye aliyeigonga taarifa ile kwenye mashine, neno kwa neno, huku akijua kwamba ni askari wa kambi yao wenyewe. Alijua kwa sababu wanawake watatu wa kile kijiji walipita ofisini kuomba karatasi ya njia, wakamweleza walichokiona. Mmoja alikuwa amebeba sufuria iliyoungua, hana kitu kingine.

Jumapili moja, wenzake wakiwa misani, Yaya alikaa kwenye mashine ile ile akaandika ukweli. Jina hakuweka. Barua alimpa padri mmoja aliyekuwa safarini, na ikafika ilikotakiwa kufika. Wakaja watu kuuliza maswali. Mkubwa wa kambi akahamishwa, akapewa ofisi nzuri zaidi mjini. Hiyo ndiyo adhabu yote aliyoipata kwa kijiji kizima.

Kisha wakaanza kumtafuta aliyeandika. Mashine moja, makarani wawili. Papa Crispin alikuwa na mdomo, aliwahi kubishana na mkubwa mbele ya watu. Wakamchukua yeye.

Yaya alibaki kwenye meza yake, akiitazama ile themosi.

Alijiambia kwamba akijitokeza watamtaka ataje waliompa habari, na yeye anajijua, fimbo hatazivumilia, atawataja wale wanawake watatu. Kwa hiyo alichagua. Upande mmoja wanawake watatu na watoto wao, upande mwingine rafiki mmoja aliyemmiminia chai kila asubuhi. Papa Crispin alikaa gerezani muda mrefu, akarudi Likasi na kifua kibovu, akafa. Yaya aliacha jeshi, akanunua baiskeli. Tangu siku hiyo kila Jumatatu kikapu cha kwanza cha samaki, kile chenye samaki wakubwa, anakipeleka kwa Mama Vero, mjane wa Papa Crispin. Mama Vero huwauza kwenye meza yake sokoni. Anamwita Yaya mwanangu. Anasema katika jeshi zima bwana yake alipata rafiki mmoja tu.

Yaya alinisimulia haya yote katika kilio cha baba yetu, siku ya tatu, tumekaa wawili nyuma ya nyumba tukichambua mchele. Hakulia. Alipomaliza aliniambia nisimwambie mtu, nami nikaahidi.

Nilitimiza ahadi hiyo, kumbuka. Sikumwambia mtu. Niliwaambia watu wote kwa mpigo, kwenye jukwaa.

Nilijidanganya kwamba nimeficha vya kutosha. Nilibadilisha vyeo, nikakipa kijiji jina lisilopatikana popote. Wale wanawake nikawafanya mzee mmoja kipofu. Karani wangu nilimwita Luka. Na mwisho nikaubadilisha pia, maana mwisho wa kweli haukupendeza: katika mchezo wangu Luka anasimama mbele ya mahakama ya askari, anavua kofia, anasema, "Mwacheni huyu. Barua niliandika mimi." Rafiki yake anafunguliwa pingu. Ukumbi wote ulishangilia hapo. Mimi nyuma ya pazia nilishangilia pia, nikisahau kabisa kwamba ni uongo, na kwamba ni mimi niliyeutia.

Yule rafiki, ambaye katika mchezo ndiye Papa Crispin, sikumpa hata jina. Nilimwita Karani wa Pili. Kazi yake kubwa ni kunywa chai.

Nifike sasa kwenye themosi, maana hapo ndipo aibu yangu inapozidi. Tulihitaji themosi ya jukwaani. Nyumbani ninazo mbili. Lakini nilijua kwamba ile nyekundu ilirudishwa kwa Mama Vero pamoja na vitu vya mumewe alipofungwa, na kwamba anaiweka mezani pake sokoni, anawamiminia wenzake chai. Nikaitaka ile. Nilitaka jukwaani kuwe na kitu kimoja cha kweli. Nilikwenda kuiomba huku natabasamu, mimi mwalimu wa watu, na yule mama akaifuta kwa kona ya kitenge chake kabla ya kunipa.

"Kamata, mwalimu," alisema. "Lakini nitakuya kuangalia kama inacheza muzuri."

Akaja kweli, na kitenge cha sikukuu. Alikaa safu ya tatu. Pazia lilipofunguliwa, akaona meza mbili zinazotazamana na themosi yake katikati, nilimwona anaweka mkono mdomoni. Mambo ya ofisi ile aliyajua, mumewe alikuwa amemsimulia mara nyingi. Barua ilipoandikwa, akaanza kulia. Mimi nilifikiri ninaandika vizuri. Luka aliposimama mbele ya mahakama, Mama Vero alisimama naye. Aliwageukia majirani zake, uso wote umelowa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya pazia:

"Njo bwana yangu ule! Munaona? Njo yeye!"

Ndiyo. Alidhani yule shujaa ni Papa Crispin. Miaka yote aliamini, kama kambi nzima, kwamba mumewe ndiye aliyeandika barua. Na sasa, hatimaye, mtu fulani amemheshimu mumewe mbele ya parokia nzima. Kwa muda wa dakika chache hivi Mama Vero alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ukumbini.

Kilichofuata nilikipanga mwenyewe, nacho kikanipangua.

Onyesho la mwisho ni mama wa Luka anayemwimbia mwanawe kasala. Kwa wasioijua, kasala ni maneno ya sifa ya sisi watu wa Kasai. Mtu anaitwa kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na mambo yake yote, mpaka mwanaume mzima analia kama mtoto. Hapa Kikula wanaoijua vizuri wamebaki wachache. Mmoja ni Tantine Kabedi, dada wa marehemu baba yetu. Nikampa yeye sehemu ya mama. Nilimwandikia majina ya kubuni, ukoo wa kubuni, mto wa kubuni. Kwenye mazoezi aliyasema kama mtu anayesoma orodha ya soko. Nilimwambia, Tantine, tia moyo. Akanijibu kwamba moyo utakuja siku yake.

Ukaja jana. Alisimama katikati ya jukwaa, akafumba macho, akaanza na majina yangu. Luka, mwana wa fulani. Akasita. Watu wakamngoja. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa nyingine, na sauti ile niliijua, ndiyo iliyotuimbia siku tunamzika baba.

Aliita Kazadi. Kazadi mwana wa Mutombo, mjukuu wa yule aliyeletwa na treni kuchimba shaba ya watu akiwa na blanketi moja. Kazadi aliyezaliwa Panda siku mabomba ya kiwanda yalipozimwa. Kazadi anayeandika kwa mkono wa kushoto, askari wetu, asiyewahi kumwua hata kuku. Aliendelea hivyo, nami nyuma ya pazia nimeshika kamba, sikuweza kuivuta.

Tantine hakujua lolote kuhusu barua. Alihitaji tu askari wa kweli wa kumwimbia, na katika ukoo wetu askari ni mmoja.

Lakini ukumbi ulielewa. Watu wa Kasai walikuwa wengi mle, na nani asiyemjua Kazadi wa samaki? Wakaanza kutazamana. Huyu Luka aliyeandika barua, basi ni Kazadi. Na kama ni Kazadi aliyeandika, yule wa pili, yule mnywa chai, ni nani? Makofi yakaanza, mwisho yakawa makubwa kuliko yote niliyowahi kusikia. Katikati ya makofi hayo Mama Vero alikuwa amekaa. Hakulia tena. Aliitazama themosi. Kisha akainuka, akapita kati ya viti, akatoka. Themosi hakuichukua.

Maji yakimwagika hayazoleki, tunawafundisha hivyo watoto darasani na wanaandika kwenye madaftari yao kwa mwandiko mzuri.

Baada ya wageni kuondoka nilimfuata Tantine Kabedi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamuuliza amefanya nini. Sikumuuliza kwa adabu. Alikuwa anavua kitambaa cha kichwa, na wala hakuharakisha.

"Kasala haiko ya mutu ya bongo, Ngalula. Ile majina uliniandikia, nilibaita, hakuna hata mumoya aliitika. Njo nilikamata jina ya mutoto yetu. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Hakuwa na kosa. Bongo kwetu ni uongo, na Luka alikuwa mtu wa uongo. Nilipomweleza kila kitu, alikaa chini polepole, akavua na kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. Aliniambia neno moja tu la Kiluba ambalo sitaliandika hapa, maana kwangu yeye ni mama.

Yaya hakuwapo. Jumapili zote yuko ziwani. Nilimwambia mapema kwamba ni mchezo wa maaskari tu, utakuchosha, na yeye akacheka, akasema maaskari amekwisha kuwaona. Kwa hiyo leo Jumatatu alikuwa anarudi na samaki wake, moja kwa moja kwa Mama Vero kama kawaida, bila kujua kitu.

Nilitoka alfajiri ilipopambazuka, nikasimama pale barabara ya Tshangalele inapoingia Kikula. Shuleni nilituma ujumbe kwamba ninaumwa, na safari hii haikuwa uongo mkubwa. Nilimwona kutoka mbali, anasukuma baiskeli kupanda kilima, vikapu viwili vimefunikwa majani mabichi. Aliponiona alisimama. Kwetu ukimkuta ndugu yako amesimama barabarani saa kama ile, unajua ni nini.

"Ni nani alikufa?"

Nilisema hakuna aliyekufa. Halafu nikamweleza. Nilisema yote, mchezo, themosi, kasala. Nilijitetea katikati, nikarudi nyuma, nikajilaumu, nikajitetea tena. Alinisikiliza bila kuachia mikono ya baiskeli.

"Mama Vero alikuwa mule?"

"Alikuwa, Yaya."

"Na alisikia jina yangu?"

"Alisikia."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Aliinama, akakaza kamba ya kikapu, akasema samaki wataoza, akaanza tena kusukuma. Nikamfuata nyuma, mbali kidogo, kama wale mbwa wanaofukuzwa lakini hawaondoki. Nilikuwa na daftari la mchezo kwapani. Kwa nini nililibeba, sijui hata sasa.

Wakati anatembea mbele yangu niliutazama mgongo wake, na nitakiri lililonijia, kwa sababu hapa ndipo mahali pa kukiri. Niliwaza kwamba yule mkubwa wa kambi alikufa miaka kadhaa iliyopita, akazikwa na bendera. Kambi yenyewe ilihamishwa. Wanawake wale watatu hakuna tena wa kuwatafuta. Sababu ya Yaya kunyamaza ilikwisha siku ile, na bado aliendelea kuleta samaki. Nikamkasirikia. Nikamwita mwoga, moyoni. Nilikuwa ninamhukumu ndugu yangu kwa raha kabisa, huku natembea kwenye kivuli chake.

Mama Vero alikuwa kwenye meza yake sokoni. Meza ilikuwa tupu, imeoshwa. Yaya aliegemeza baiskeli, akafungua kikapu cha kwanza, akaanza kuwapanga samaki mezani mmoja mmoja, vichwa upande mmoja, kama afanyavyo kila Jumatatu. Hakuna aliyesalimia. Wauzaji wa meza za karibu walikuwa wamekwisha kusikia, waliinamia nyanya zao wakizipanga na kuzipangua. Samaki walipokwisha, Yaya hakuwa tena na kazi ya kufanya kwa mikono yake. Akavua kofia.

"Mama, minye njo niliandika."

Ni maneno yangu yale yale ya mchezo. Ila hapa hakuna aliyepiga makofi.

Mama Vero alisema chini, akiwatazama samaki.

"Crispin alikuwa ananiambia kila siku. Mama Vero, haiko minye. Haiko minye niliandika. Hata mu kitanda ya kufia alisema vile. Na minye namuyibu: basi ni nani? Mashini ilijiandika yenyewe? Nilimwambia, Crispin, ulituuwa juu ya bantu ya kijiji hatuyue, ubaki hata na haya ya kusema ukweli." Alimgeuza samaki mmoja. "Alikufa niko namuita mutu ya bongo. Kumbe yeye njo alikuwa anasema kweli."

Nimekuwa nikiwaza kwa miezi kwamba ninajua uchungu wa hadithi hii. Niliandika kurasa arobaini kuhusu kusema na kunyamaza, kuhusu nani aokolewe na nani aachwe. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja jinsi yule wa pili alivyolala kitandani akiapa na mkewe hamwamini. Kwangu alikuwa anakunywa chai.

Yaya alipiga magoti pale chini, kwenye maji ya samaki. Mama Vero hakumwinua. Alimwacha. Macho yake yakanigeukia mimi, niliyesimama nyuma nikifikiri sionekani.

"Na weye uliyua."

Hakuniuliza kama nilijua, alikuwa amekwisha kuona. Nikasema ndiyo, Mama. Akataka kujua tangu lini, nikasema tangu kilio cha baba. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima safari ndefu.

"Kila Ijumaa unakuya hapa kununua. Unakaa ku hii kiti. Unakunywa chai yangu mu ile themosi. Unaniuliza, Mama, mugongo iko namna gani? Na uliyua."

Kila Ijumaa, kweli. Nilikuwa nahesabu ule kuwa wema wangu, kununua kwake na si kwa mwingine. Mimi sikuwa na mkubwa wa kambi wa kuogopa. Sikuwa na wanawake watatu wa kuwaficha. Nilikuwa na miguu miwili na dakika kumi za kutembea mpaka kwake, angalau baada ya yule mkubwa kufa, kumwambia Yaya, twende tukamwambie. Badala yake nilikwenda kumwomba themosi.

Yule mwoga niliyekuwa namtukana njiani, nadhani sikukosea mtu kwa mbali sana: alikuwa anatembea nyuma ya Yaya.

Mama Vero aliwarudisha samaki kikapuni, wote, mmoja mmoja, akafuta meza kwa maji. Kisha akatoa amri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia zamani. Kesho asubuhi, kabla ya soko, tunakwenda makaburini kwa Papa Crispin. Tantine Kabedi atakuja, kwa sababu Papa Crispin alizikwa bila kasala, ndugu waliona aibu na wengine waliogopa. Kila mmoja atasema yake pale juu ya kaburi, kwa sauti, marehemu asikie.

"Na weye, mwalimu," aliongeza, akilitazama daftari kwapani mwangu, "usilete kaye."

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtoto, kama naweza kuandika habari hii hapa. Sijui nilipata wapi uso wa kuuliza. Alisema niandike, Kikula yote inajua tayari, ila safari hii nimwandike bwana yake kwa jina lake. Ndiyo nimeandika. Yaya alisema nifanye nitakavyo, amechoka.

Mchana Yaya alikuja kwangu, akala bukari, ugali wetu, bila kuinua macho, akaniomba daftari. Alifungua kurasa za mwisho, akasoma pale Luka anaposimama mbele ya mahakama. Alisoma taratibu, kidole chini ya maneno. Halafu akalifunga, akanirudishia.

"Ule mutu ni wa wapi?" aliuliza.

Alikwenda kulala, na nadhani hakulala.

Saa tisa ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni wale wageni wa Lubumbashi. Meza Mbili imechaguliwa kwa tamasha. Wanatupongeza kikundi kizima, na wanaomba jambo moja tu, onyesho la mwisho libaki vile vile lilivyokuwa jana, kasala ile ile, bibi yule yule, maana hawajapata kuona ukweli kama ule jukwaani.

Shajara, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Ilidumu kidogo, kama kiberiti, lakini ilikuwa furaha, naiandika ili nisije baadaye nikajifanya haikuwapo. Kisha nikawajibu kwamba mchezo hauendi. Waliuliza sababu. Nikaandika: wenyewe hawakuombwa. Mwalimu wa hesabu amekwisha kunipigia mara mbili, sijapokea. Atanichukia, ana haki yake.

Themosi iko hapa mezani mbele yangu. Nimeiosha ndani na nje. Kesho nitaijaza chai na kuibeba, hiyo haikukatazwa.

Sasa jua linashuka nyuma ya Panda na baridi inarudi. Tangu saa kumi nimekaa natafuta maneno ya kesho. Yaya ana yake, tayari ameyasema mara moja. Tantine ana kasala. Mimi nimejaribu kuanza na samahani, nikajisikia jukwaani. Nimejaribu kuanza na utoto wetu, na vita, na jinsi mambo yalivyo magumu. Yote ni mazuri. Yote nimeyafuta.

Limebaki neno moja. Nimelisema mbele ya kioo, kwa sauti ya kawaida, mikono ikining'inia kwa sababu sina daftari la kushika, nikaona kwamba ni gumu kuliko kurasa zote arobaini. Nitalisema kesho alfajiri, baridi au si baridi, na Mama Vero akinitazama.

Nilijua, Papa Crispin.